Kichwa miezi sita, Panadol kila siku: chanzo ni nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, naishi Ilazo hapa Dodoma, kazini ni Mtumba. Nilihamia mwaka jana nikitokea Dar es Salaam. Huu ni mwezi wa sita kichwa kinaniuma karibu kila siku. Kwa kawaida kinaanzia kisogoni kama kimefungwa kamba, lakini mara mbili au tatu kwa mwezi kinagonga upande wa kulia mpaka natapika na sitaki kuona mwanga. Malaria nimepima mara nne, hakuna. Taifodi nimepima mara tatu, zote wanasema ipo, na dozi nimemaliza zote. Macho nimepewa miwani. Presha 128/82. Nakunywa Panadol Extra viwili asubuhi na viwili jioni, bila hivyo sifanyi kazi. Wenzangu wanasema ni hali ya hewa ya Dodoma, wengine wananiambia nikapige picha ya ubongo. Ni nini hasa?

JIBU: Marahaba, dada. Umeandika mengi ya maana, ila jambo zito kuliko yote umelipitia haraka kama la kawaida: vidonge vinne, kila siku. Nitaanzia hapo, kwa sababu hata kama kichwa chako kilianza kwa sababu nyingine, sasa hivi dawa ya kukituliza ni mojawapo ya vitu vinavyokifanya kirudi.

Kwenye hesabu hii kinachohesabiwa ni siku, si vidonge. Mtu mwenye historia ya kuumwa kichwa akitumia parasetamoli tupu, aspirini au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, ubongo wake huzidi kuwa mwepesi wa kuhisi maumivu, na kichwa huanza kuuma kila dawa inapopungua mwilini. Kwa dawa zilizochanganywa na kafeini au kodeini, mpaka ni siku 10 tu. Wewe uko kwenye siku 30. Anayemeza dawa hizohizo kwa ajili ya goti au mgongo, na hajawahi kusumbuliwa na kichwa, mara nyingi hapatwi na hali hii. Ndiyo maana jirani yako anaweza kumeza kama wewe asione lolote.

Soma pembeni mwa pakiti. Kila kidonge cha Panadol Extra kina parasetamoli miligramu 500 na kafeini miligramu 65. Vinne ni gramu 2 za parasetamoli, ambazo bado ziko chini ya kikomo cha gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima mwenye ini zima. Kikomo hicho ni cha siku chache za kuumwa, hakikuwekwa kwa ajili ya matumizi ya miezi. Kafeini inafika miligramu 260, sawa na vikombe viwili vitatu vya kahawa, mbali na chai na soda. Dozi yako ya jioni ikiwa saa 1, alfajiri ya saa 12 zimepita saa 11. Kichwa cha kukosa kafeini huanza kati ya saa 12 na 24 baada ya ile ya mwisho. Kwa hiyo unapoamka na kichwa, ukameza viwili, kikatulia ndani ya nusu saa, unaona dawa imefanya kazi, kumbe kwa sehemu umelipa deni la jana usiku. Tena kafeini ya jioni inakata usingizi, na usingizi mbaya nao ni chanzo cha kichwa.

Sasa, chini ya dawa kuna nini? Maelezo yako yanaonyesha vichwa viwili tofauti ndani ya mtu mmoja, jambo ambalo ni la kawaida sana.

Kile cha kisogoni kinachobana kama kamba, pande zote mbili, bila kutapika, ambacho unaweza kutembea nacho mpaka kituoni bila kuzidi, ndicho kichwa cha mkazo. Kinaweza kudumu nusu saa, kinaweza kudumu wiki. Bonyeza kwa vidole misuli iliyo chini ya fuvu, pale nywele zinapoanzia, halafu juu ya mabega. Ikiuma na kukukumbusha maumivu yaleyale, umepata ushahidi mzuri kuliko vipimo vingi vya damu. Angalia na meza ya kazi: kompyuta mpakato iliyowekwa mezani inakulazimisha kuinamisha shingo saa nane. Iinue kwa rimu mbili za karatasi, ukingo wa juu wa kioo ufike usawa wa macho, utumie kibodi ya kuchomeka. Angalia na nywele. Rasta nzito zilizovutwa sana au kilemba kilichokazwa vinaumiza kichwa kabisa, na maumivu huisha ukilegeza. Kwa waendesha bodaboda ni kofia ngumu isiyowatosha.

Kile cha upande wa kulia ni kipandauso, na maelezo yako yanakaa vizuri ndani ya vigezo vyake: bila dawa hudumu saa 4 hadi 72, kinagonga, kiko upande mmoja, kinazidi ukipanda ngazi, kinaleta kichefuchefu au kuchukia mwanga na kelele. Wengi hapa nchini wanaishi nacho miaka wakiambiwa ni malaria sugu au sainasi. Hujasema mambo mawili ambayo ningependa kuyajua. La kwanza, je, kinaangukia kwenye hedhi? Homoni ya estrojeni inaposhuka, kuanzia siku mbili kabla ya damu hadi siku ya tatu, ndiyo nafasi yake kubwa. La pili, je, kabla hakijaanza unaona mistari ya kumetameta, kona kona kama meno ya msumeno, au doa linalotanuka kwa dakika 5 hadi 60? Kama jibu ni ndiyo na unatumia vidonge vya majira vyenye homoni mbili, nenda kliniki ya uzazi wa mpango ubadilishiwe mapema, kwa sababu kipandauso cha aina hiyo pamoja na vidonge hivyo huongeza hatari ya kiharusi. Kijiti, sindano ya miezi mitatu, vidonge vya homoni moja na kitanzi havina tatizo hilo la estrojeni.

Kuna cha tatu ambacho si chako, nakitaja kwa wasomaji wengine: maumivu makali mno kuzunguka jicho moja, dakika 15 hadi saa 3, jicho linatoa machozi, pua upande huo inaziba, na mgonjwa hawezi kutulia, anatembea huku na huko. Mwenye kipandauso hutafuta chumba chenye giza alale. Huyu wa jicho moja hupiga kichwa ukutani. Tiba zao ni tofauti.

Taifodi. Hapa lazima niseme wazi, maana watu wa mjini Dodoma na kwingineko wanamaliza fedha na viuavijasumu kwa jambo hili. Kipimo ambacho karibu kila maabara ndogo inatumia ni Widal, tone la damu na kemikali inayoganda. Kinatafuta kinga za mwili, hakitafuti mdudu mwenyewe. Kinga hizo hubaki baada ya maambukizi ya zamani, baada ya chanjo, na wakati mwingine huchochewa na vimelea vingine kabisa, malaria ikiwemo. Ndiyo maana umepona mara tatu na bado "ipo". Homa ya matumbo yenyewe ni homa: inapanda siku hadi siku hadi nyuzi 39 au 40, mtu analegea, hali chakula, tumbo linauma. Kichwa cha miezi sita bila homa, kwa mtu anayekwenda kazini, hakifanani nayo. Ukishukiwa tena kwa haki, omba damu ioteshwe maabara, na ichukuliwe kabla ya kidonge cha kwanza.

Malaria ulifanya vizuri kupima. Mkoa huu maambukizi yako chini ukilinganisha na Kanda ya Ziwa au pwani ya kusini, lakini anayesafiri Geita au Mtwara akarudi na homa apime siku hiyohiyo. Kipimo cha haraka kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya kupona, kwa hiyo chanya ya pili wiki mbili baada ya dozi si lazima iwe malaria mpya. Hapo kinafaa kipimo cha hadubini.

Presha ya 128/82 haiumizi kichwa. Kwa kawaida presha haileti kichwa mpaka ifike karibu na 180/120, na ndiyo sababu wengi wanayo bila kujua. Kinyume chake hutokea sana: mtu anapimwa kichwa kikiwa kinagonga, inasoma 150/95, anaanzishiwa dawa za maisha. Maumivu yenyewe hupandisha presha. Pima tena siku ambayo kichwa kimetulia, baada ya kukaa dakika tano umeegemea kiti, kibofu kikiwa kitupu, mkono juu ya meza usawa wa moyo, bila kahawa wala sigara nusu saa kabla.

Macho: miwani inasaidia kichwa kinachokuja baada ya kusoma muda mrefu na kuondoka ukipumzisha macho. Haiwezi kueleza kutapika. Pua: sainasi ya kweli ina makamasi mazito ya njano au kijani, pua imeziba, harufu haisikiki, mara nyingine na homa. Meno: jino bovu la juu nyuma, au kusaga meno usiku, huumiza panja na sikio. Muulize unayelala naye kama anasikia ukisaga, na kama unakoroma huku pumzi ikikatika, kwa sababu hilo nalo huamsha watu na kichwa.

Tuje kwenye hali ya hewa, maana wenzako hawajakosea kabisa, ila wanalaumu kitu kisicho chenyewe. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Huo si mwinuko wa kuumiza kichwa, ugonjwa wa milimani kwa kawaida huanza kuanzia mita 2,500 hivi. Tatizo ni ukavu. Dar es Salaam unatoka jasho unaliona, shati linalowa. Hapa, kuanzia Mei hadi Novemba, jasho linakauka kabla hujalihisi, upepo unavuma, na unafika jioni umekunywa chupa moja tu. Wengine hupunguza maji kwa makusudi kwa sababu ya safari ya daladala na vyoo. Lenga lita 2 hadi 2.5 kwa siku, na kipimo chako kiwe mkojo: rangi ya majani makavu iliyopauka ni vizuri, rangi ya chai ya rangi ni deni. Jua kali linaloakisiwa na vumbi jeupe na vioo vya magari huchochea kipandauso, hivyo kofia yenye ukingo au mwavuli vina kazi. Mvinyo wa zabibu za hapahapa nao huwachokoza baadhi ya watu wenye kipandauso. Kama unaonja, andika.

Na kuna jambo la Juni na Julai, usiku wa baridi ya upepo: jiko la mkaa kuingizwa ndani na mlango kufungwa. Kinachoua si moshi unaouona. Mkaa uliokolea, mwekundu, usio na moshi, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Ishara yake ni kwamba watu wawili watatu wa nyumba moja wanaamka na kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na wote wanapata nafuu wakikaa nje. Mkiona hivyo, tokeni nje kwanza, jiko libaki nje, na aliyechanganyikiwa, aliyezimia au mjamzito apelekwe hospitali hata kama anasema amepata nafuu.

Picha ya ubongo. Kwa maelezo uliyotoa, siioni kama hatua ya kwanza. Vipandauso vinavyorudi kwa sura ileile, kwa mtu ambaye uchunguzi wa mishipa ya fahamu ni wa kawaida, mara chache sana picha hubadilisha tiba, na picha ya CT ina mionzi na gharama. Muhimu zaidi ni daktari akuangalie nyuma ya jicho kwa kile kitochi chake kidogo, ajaribu nguvu ya mikono na miguu, na akutembeze mstari ulionyooka. Dakika kumi hizo zikiwa safi, picha inaweza kusubiri.

Haisubiri, na hapa nenda siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye vipimo, mfano Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa, endapo kichwa kimelipuka na kufika kilele ndani ya dakika moja. Endapo kina homa na shingo ngumu au kuchanganyikiwa. Endapo mkono au mguu umelegea, mdomo umepinda, unaona vitu viwili, au umepata degedege ukubwani. Vilevile kama kilianza baada ya kuanguka na pikipiki, hata wiki tatu zilizopita, kwa sababu damu huweza kuvuja polepole. Kama kinazidi wiki hadi wiki, kibaya zaidi ukilala au ukikohoa, pamoja na kutapika asubuhi. Kama jicho ni jekundu, linauma na unaona duara za rangi kuzunguka taa, hiyo yaweza kuwa presha ya macho. Kama kimeanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50 na panja linauma ukilishika au taya linachoka ukitafuna. Na mjamzito aliyepita wiki 20, au aliyejifungua ndani ya wiki sita, mwenye kichwa kikali au kuona ukungu: apimwe presha na mkojo saa hiyo, kuanzia 140/90 si ya kurudi nayo nyumbani.

Mawili zaidi hayapimwi vya kutosha. Anayeishi na VVU ambaye kinga imeshuka, yaani CD4 (hesabu ya chembe za kinga) iko chini ya 200, akiumwa kichwa kinachozidi kwa wiki mbili tatu, aombe kipimo cha CrAg. Ni cha kuvu wa kriptokoka wanaoshambulia utando wa ubongo, na wanaweza kuwepo bila homa kubwa wala shingo ngumu. Asiyejua hali yake, kichwa kisichoelezeka ni sababu tosha ya kupima. La pili ni tegu wa nguruwe, katika maeneo yanayofuga nguruwe huria, baadhi ya vijiji vya mkoa huu vikiwemo. Watu wanajua kitimoto kibichi ni hatari, ila hawajui njia. Nyama yenye vijivimbe kama punje za mchele ikiliwa haijaiva inaleta tegu tumboni. Vijivimbe vya kwenye ubongo vinatokana na kumeza mayai yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, kupitia mikono, maji au mboga. Kwa hiyo asiyegusa kitimoto kabisa naye anaweza kuvipata. Kichwa cha muda mrefu pamoja na kifafa kilichoanza ukubwani, hapo picha inahitajika.

Sasa cha kufanya. Nunua daftari dogo, liwe la kazi hii tu. Kila siku mistari miwili, usingoje ufike kliniki ukumbuke. Inaonekana hivi:

Jumatatu 3: saa 10 alasiri, kisogo, kinabana, 4 kwa 10. Usingizi saa 5. Maji chupa 1. Nimekula mchana saa 9. Dawa hakuna.
Alhamisi 6: saa 12 asubuhi, kulia, kinagonga, 8 kwa 10, nimetapika mara moja. Hedhi siku ya 1. Dawa: ibuprofeni 400, saa 12 na nusu. Kimeisha saa 8 mchana.

Kisha acha Panadol Extra. Kwa dawa za aina hii unaweza kuacha kwa mkupuo. Chagua Ijumaa jioni, ikiwezekana na siku chache za likizo mbele. Bakiza kikombe kimoja cha chai asubuhi, saa ileile kila siku, ili kafeini isikatike ghafla. Siku ya pili hadi ya kumi kichwa kitazidi, utakosa usingizi, utakuwa mkali kwa watu. Hapo ndipo wengi hushindwa, wanadhani ugonjwa umekua. Waambie wa nyumbani mapema. Anayetumia tramadoli au kodeini asifanye hivi peke yake, hupunguzwa polepole na daktari. Na angalia dawa za mafua, nyingi zina parasetamoli ndani, usije ukaiacha huku ukiimeza kule.

Kipandauso kikija baada ya hapo, meza mapema, ndani ya nusu saa ya kwanza: ibuprofeni miligramu 400 na chakula, kama huna vidonda vya tumbo, tatizo la figo, wala mimba. Kutapika kunazuia dawa kufyonzwa, hivyo daktari anaweza kukuongezea metoklopramidi. Dawa yoyote ya maumivu isizidi siku mbili kwa wiki. Kula kwa saa zilezile, hasa asubuhi kabla ya kupanda gari, na lala na kuamka saa zilezile hata Jumapili.

Baada ya wiki nane hesabu namba tatu kwenye daftari: siku za kichwa, siku za dawa, siku ulizoshindwa kazi. Ikiwa kipandauso bado kinafika siku nne au zaidi kwa mwezi, peleka daftari kwa daktari mzungumze dawa ya kuzuia, inayomezwa kila siku hata usipoumwa. Amitriptilini huanza na miligramu 10 usiku, inasaidia pia kichwa cha mkazo na usingizi, ila inakausha mdomo. Propranololi ni nzuri, isipokuwa kwa mwenye pumu. Akikutajia sodiamu valproeti, mwambie bado uko kwenye umri wa kuzaa na uombe nyingine, kwa sababu inadhuru mimba changa hata kabla hujajua unayo. Dawa hizi hupimwa kwa miezi miwili mitatu kwa dozi ya kutosha, usiiache wiki ya pili kwa kuwa hujaona kitu.